Anti, nimemdanganya mama ili niende Busara

Anti shikamoo, pole na majukumu.

Mi ni mwanaume wa miaka 36, naishi Dar huku Tabata, fundi viyoyozi, nina mke na watoto wawili, kwetu ni Kibosho kule Moshi. Naomba jina langu ulifiche maana ndugu zangu wanasoma safu yako, hasa shemeji yangu mmoja ambaye akijua tu ni mimi grupu la familia litawaka moto mpaka Pasaka.

Kwa asiyejua, sisi Wachaga Desemba haina mjadala. Watu wanatutania eti tunaenda kuhesabiwa, sawa wacheke, lakini kwetu sisi tunahesabiwa kweli kabisa sio utani, mama ana daftari. Anaandika nani kafika tarehe ngapi, kaja na nani, kaondoka lini, na nadhani hata nani kaleta sukari kilo ngapi ingawa ukurasa huo hajawahi kutuonyesha. Ratiba haijabadilika tangu nina akili: tarehe 22 au 23 watu wameshafika, 24 misa ya mkesha, 25 wageni wanakula kwetu, 26 mbuzi anachinjwa na kila mtu na kipande chake kwa cheo chake, wazee na kisusio chao na mbege yao, pombe ya ndizi, 27 kikao cha ukoo, 28 tunafyeka na kusafisha makaburi ya wazee kule kihambani, yaani shamba letu la ukoo, halafu mwaka mpya, halafu visalamu vya hapa na pale, kuja kushtuka uko tarehe 8 Januari unatafuta basi na mabasi yamejaa na mfukoni imebaki nauli na soda ya Korogwe.

Na asiyefika kabla ya tarehe 23 bila sababu ya msingi faini yake mbuzi mmoja, hilo lilipitishwa kikaoni na likaandikwa. Mbuzi wa Moshi Desemba Anti unamjua bei yake, yaani hata mbuzi mwenyewe anajua ni Desemba.

Sasa tatizo langu. Mi napenda taarab. Sio zile za rusha roho za kwenye ukumbi, naongelea taarab asilia ya Unguja, ya ala kama udi na kanuni na fidla na akodiani. Ilianza 2015, kazi ilinipeleka Zanzibar miezi mitatu kufunga viyoyozi kwenye hoteli, nikapanga chumba maeneo ya Vuga, jioni moja natoka kazini nimechoka nasikia muziki nikadhani ni redio ya mtu kumbe ni Culture Musical Club, kikundi cha taarab, wako kwenye mazoezi. Nikasimama dirishani. Sijui kwanini lakini nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, mzee mmoja akatoka akaniambia ingia ndani kijana mbona unakaa kama mwizi. Toka siku hiyo nimekwisha. Mwaka uliofuata nikajipanga niende tamasha la Sauti za Busara, bahati mbaya hiyo 2016 halikufanyika, fedha zilikosekana, nikaenda 2017, na tangu hapo nikipata upenyo wa Februari naenda hata kwa siku moja, napanda boti asubuhi, usiku niko Ngome Kongwe, kesho yake mchana niko Dar nafunga kiyoyozi cha mtu na usingizi machoni.

Miaka miwili iliyopita nikaamua nisiwe mtazamaji tu, nikanunua udi uliotumika na kuanza kujifunza, nikipata siku mbili tatu navuka napata mwalimu. Hapo ndo palianza vichekesho maana nilimpigia mama nikamwambia kwa furaha kabisa "mama nasoma udi Zanzibar", mama akanyamaza, baadae nasikia kawaambia wamama wa jumuiya waniombee, eti mwanae kaingia kwa waganga anafukiza. Ikabidi kaka amweleze kuna udi wa kufukiza na kuna udi wa nyuzi.

Desemba iliyopita nikaenda nao Moshi. Jioni ya tarehe 26 watu wamekula wameshiba wako sebuleni na wengine barazani nikasema leo ngoja niwapigie. Nikaanza kwa kuwaelezea kidogo, inavosimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma mtu Misri kwenda kujifunza taarab, kwamba kikundi cha Ikhwan Safaa kilianzishwa 1905 na bado kipo mpaka leo, kwamba mwimbaji Siti binti Saad alirekodi santuri Bombay 1928, nikapiga. Hata dakika mbili hazikufika kaka yetu mkubwa, ana miaka 51 mtu mzima kabisa, akasema "huyu amefunga khanga lini?" sebule nzima ikaangua kicheko, akawasha spika yake na bongo fleva kwa sauti ya mwisho. Ila Anti sio kaka aliyeniumiza. Ni mama. Mama aliinuka taratibu akaenda zake jikoni hata hakunitazama. Mama yuko hivyo, taarab hata ikipita tu redioni atabadili stesheni au ataondoka. Marehemu baba wala hakuwa hivyo, yeye alifanya kazi reli Tanga kuanzia 1979 mpaka 1990 akija nyumbani Desemba tu kwa treni, mi nimezaliwa mwishoni mwishoni huko, aliporudi moja kwa moja alikuwa akipiga kanda zake barazani jioni mi nimekaa miguuni pake mama yuko jikoni. Alifariki 2009, aliacha boksi zima la kanda, mama aliliweka darini hataki zitupwe wala hataki zipigwe, lakini hiyo ni habari nyingine.

Katika wote aliyekuja kuniomba nimwonyeshe udi kesho yake ni mtoto wa kaka huyo huyo, binti wa miaka 14.

Basi tarehe 27 kikaoni bado nina hasira, wakaanza habari za mwakani nani achangie nini, mimi kama kitinda mimba najua mji ule ndo wangu kwa hiyo kila kitu kinaniangukia, nikasimama nikasema "mi hii Moshi yenu nimeichoka". Ukimya uliopita hapo sitausahau. Mama alifunga daftari.

Toka hapo mama akipokea simu yangu ananiuliza watoto hawajambo, mkeo hajambo, haya usiku mwema. Sasa mwaka huu nimepanga Desemba nisiende kabisa, likizo yangu yote niitunze mpaka Februari nipate wiki mbili za kusoma udi vizuri pale DCMA, chuo cha muziki cha Zanzibar, halafu nimalizie na Busara siku zote, sio kwenda na kurudi kama muuza samaki. Nikamwambia mama kazini wamenikatalia likizo. Anti ni uongo. Mama ameshaanza kufunga na kumwombea bosi wangu aguswe moyo, ananitumia mpaka mistari ya Biblia nimpelekee.

Na mke wangu, yeye mtu wa Lindi, nilidhani atafurahi maana baridi ya Kibosho sio mchezo, kumbe anaipenda Moshi kuliko mimi! Kasema "wewe usipotaka usiende, mimi na watoto tunaenda kula mtori, na mama akiniuliza sitadanganya."

Nifanyeje Anti? Mtu mzima hana haki ya kupenda kitu chake?

Mimi, Kitinda Mimba wa Tabata.

JIBU

Marahaba mwanangu, na mimi nakupa pole ya hiyo baridi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka na huyo mbuzi anayejua mwezi, ya pili sikucheka sana. Kabla sijakujibu nikwambie anayekujibu ni nani maana wengine mtadhani naongea tu: mi mzaliwa wa Tanga, Ngamiani, na nimeolewa Uru, jirani zenu kabisa. Nimepanda mlima huo Desemba zaidi ya thelathini. Ile ya kwanza nilikuwa bibi harusi mwenye khanga mbili nyepesi na kanda moja ya Shakila, mwimbaji wa taarab, niliyoificha katikati ya nguo kama mtu aliyebeba magendo, na nilipopewa kisusio nikaambiwa ni damu nilitoka nje kuangalia migomba nusu saa. Kwa hiyo nyumba zenu zote mbili, ile ya taarab na ile ya mtori, mi naingia bila hodi.

Tuanze na lililo rahisi ambalo wewe umelifanya kubwa, likizo.

Chukua kalenda. Umesema unaenda karibu tarehe 20 unarudi 8, hizo ni siku kama 20. Sheria ya kazi ya bara inakupa siku 28 kwa mwaka, na siku hizo zinahesabiwa mfululizo, Jumapili zimo, na sikukuu ikidondokea ndani ya likizo nayo imo. Maana yake kila mwaka Krismasi yako na ile ya tarehe 26 na mwaka mpya umekuwa ukizilipia kwa likizo yako mwenyewe wakati ungekaa tu nyumbani ungezipata bure! Sasa piga hesabu nyingine. Panda basi la usiku pale Mbezi tarehe 21 jioni, siku hizi yameruhusiwa tena, 22 asubuhi unakunywa chai kwa mama, ondoka tarehe 29, tarehe 30 pumzika, hapo umetumia siku 9. Zinabaki 19. Wiki mbili za udi ni siku 14, Busara inaingia humo humo na chenji inabaki. Kinachotakiwa ni kukaa na bosi wako sasa hivi, sio Novemba mwishoni, mkubaliane kuigawa mara mbili, na kwa fundi viyoyozi nakushauri ukaongee naye asubuhi maana Februari Dar joto linakuwa limepamba na atakwambia ndo msimu wa kazi. Akikataa Februari yote omba wiki mbili tu. Na ile misa ya mkesha iko ndani, mbuzi yuko ndani, kikao kiko ndani, makaburi yako ndani. Umeacha visalamu vya Januari ambavyo hata mama mwenyewe nadhani vinamchosha, kupika chai ya watu mpaka tarehe 8 sio mchezo kwa mama wa umri ule.

Umeona? Dakika tano. We ni fundi, unapima ukuta kabla hujatoboa, hili ukashindwa kulipima? Kwa hiyo likizo sio tatizo lako na haijawahi kuwa. Unachokimbia wewe ni ile sebule.

Sawa tuingie sebuleni basi.

Kaka yako alikosa adabu, hilo nalisema wazi, na maneno ya khanga ni ya kijinga, Ikhwan Safaa unayoitaja wenyewe walioianzisha walikuwa wanaume, na wanaopiga udi na fidla Unguja miaka yote wengi ni wanaume watu wazima wenye wajukuu, hakuna aliyefunga khanga. Lakini na wewe mwanangu, hee! Watu wamekula mbuzi, mwingine ana kisusio mkononi, mwingine mbege imeshapanda, wewe unasimama unaanza habari za Sultani Barghash na 1905 na Bombay? Hata mimi wa Ngamiani ningetafuta spika. Muziki hauombewi ruhusa kwa historia, ungekaa pembeni ukapiga taratibu kama mtu anayejipigia mwenyewe, anayetaka angesogea. Na mtu alisogea, kesho yake, huyo binti wa miaka 14, halafu umemwandika kwa mstari mmoja kama vile hahesabiki! Mtu ameenda kijijini Kibosho na udi wa nyuzi kumi na moja amempata mwanafunzi siku ya pili yake, wangapi wanapata hiyo? Mwaka huu nendeni kule nyuma kwenye migomba, wewe na yeye, mfundishe hata kuushika tu.

Sasa nije palipo na maneno.

Umeandika kuhusu mama na kanda za baba halafu ukasema "hiyo ni habari nyingine". Hapana. Hiyo ndo habari. Rudia ulichoandika: hataki zitupwe wala hataki zipigwe. Mtu anayechukia kitu anakitupa, au anakigawa, au anakiacha panya wale. Mama yako kapanda juu, kaweka boksi darini, miaka yote hii tangu 2009 analilinda. Hiyo sio chuki ya taarab.

Hebu fikiria nami, na mi sio mpiga ramli naweza kukosea, lakini piga tena hesabu kama ulivofanya ya likizo. Baba yako yuko reli Tanga kuanzia 1979 mpaka 1990. Miaka kumi na moja. Mama yako huyo alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, yuko peke yake kihambani na kahawa na ng'ombe na watoto na mama mkwe, mume anamwona Desemba anashuka kwenye treni na mabegi na zawadi, mwezi unakwisha anapanda treni tena. Na hiyo Tanga anayorudi huko ni Tanga ipi? Mi nilikuwepo. Ilikuwa Tanga ya vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, magita na besi, kila wikiendi kuna dansa au kuna taarab, watu wamevaa wakapendeza, na mwanaume kijana wa reli mwenye mshahara alikuwa mtu bwana. Mke aliyeko Kibosho hayaoni hayo, anasikia tu. Kisha mume anarudi na nini? Anarudi na kanda. Anakaa barazani jioni anafumba macho anasikiliza. Sasa niambie mwanangu, mwanamke yule aliyeko jikoni anageuza ndizi, akisikia ile sauti anasikia muziki au anasikia mji uliomshika mumewe miaka kumi na moja?

Ndo maana anaondoka sebuleni. Hakukataa udi wako. Labda hata hakuusikia udi wako, alimsikia baba yako.

Na kaka naye. Ana miaka 51, maana yake baba alipoondoka kwenda Tanga yeye ana miaka mitano na aliporudi jumla yeye ana kumi na sita, ndevu zinaota. Utoto wake wote baba alikuwa mgeni wa Desemba. Wewe kitinda mimba ndo uliyempata baba aliyekaa, wewe ndo uliyekaa miguuni pake, kanda kwako ni baba yuko nyumbani. Kwa kaka kanda ni baba ametoka huko alikokuwa. Kitu kimoja hicho hicho, nyumba moja, mmezaliwa tumbo moja. Na ile spika yake, hebu kumbuka, tangu mzee afariki nani anashika muziki pale nyumbani Desemba? Yeye. Wewe ukaja na udi ukakalia kiti cha baba bila kujua.

Umesema hujui kwanini ulisimama dirishani pale Vuga mpaka miguu ikafa ganzi. We hujui, lakini nadhani mi nimeshajua, na wasomaji wangu nao wameshajua.

Haya. Na hiyo Desemba ambayo umesema umeichoka mbele ya ukoo, kwa mama yako Desemba haikuwa mila wala ratiba wala mbuzi, ulikuwa mwezi ambao mumewe yuko nyumbani. Daftari lile mi nadhani alianza kuliandika zamani kuliko unavodhani. Muulize ukurasa wa kwanza kaandika nini.

Sasa cha kufanya. Uongo wa likizo uuvunje wewe mwenyewe kwa mdomo wako kabla mkeo hajafika Kibosho, na huyo mke mshukuru, umempata mwenye msimamo. Usiuvunje kwa simu. Mama wa kufunga na kuombea bosi huwezi kumwambia kwa simu kwamba hakuna bosi aliyekataa, atakaa na njaa yake na aibu yake peke yake ndani ya nyumba. Panda basi wikiendi moja sasa hivi, Novemba hii, hakuna foleni hakuna bei ya sikukuu, fika Jumamosi asubuhi peke yako. Usiende na udi. Nenda na maneno machache: mama, bosi hajakataa, nilikudanganya, niliona aibu ya Desemba ile. Halafu nyamaza. Atakasirika na anayo haki, mwache akasirike, kama kuna kuni za kupasua pasua.

Jioni akishatulia, wakati anapika, ingia jikoni, kaa kwenye kigoda. Maana hata siku ile aliondoka akaenda jikoni wewe ukabaki sebuleni na hasira zako, hukumfuata. Muulize habari za Tanga. Usimuulize kwanini hapendi taarab, hilo swali la mwandishi wa habari. Muulize baba alikuwa akirudi kwa treni nani anaenda kumpokea stesheni ya Moshi, walikuwa wanavaa nini, walikuwa wanapanda nini kurudi Kibosho. Akiongea msikilize. Asipoongea geuza ndizi mle mlale. Boksi usilitaje mpaka alitaje yeye.

Kuhusu kikao, lile neno "Moshi yenu" ndo baya kuliko hata "nimeichoka". Kuchoka kila mtu anachoka, mi nilishachoka Desemba nyingi tu na mume wangu anajua. Lakini mtoto wa mwisho, ambaye kwa mila zenu nyumba ya wazazi inabaki kwake, akisema yenu mbele ya wazee, wazee wanajiuliza sasa tukifa mlango ataufungua nani. Hilo haliishi kwa kutuma ujumbe kwenye grupu. Wewe Mchaga usinifanye mimi wa Tanga nikufundishe jani la isale, lile la kuombea msamaha. Lipo kwenye mpaka wa kihamba chenu, lichume, ulipeleke kikaoni tarehe 27 kabla agenda hazijaanza, ulishike mkononi useme nilikosea neno. Nimeona watu wazima waliokuwa hawasalimiani miaka, mmoja kaja na isale, mwingine kakosa pa kukimbilia. Wakikupiga na faini ya mbuzi juu, lipa, na usiniandikie kulalamika bei.

Hapo hapo baada ya kusamehewa ndo uwaambie ratiba yako mpya, kwamba kuanzia sasa utakuwa unakuja 22 na kuondoka 29, na Februari una masomo yako. Waambie kama taarifa, usiwaombe. Umeuliza mtu mzima hana haki ya kupenda kitu chake, anayo, na mi nafurahi kijana wa Kibosho anajifunza udi kuliko ninavoweza kuandika hapa, lakini haki hiyo haihitaji kaka aipigie makofi. Akisema tena mambo ya khanga mwambie ndio kaka, na ya kwako nimekuletea ya Mtwara. Cheka. Endelea na mbuzi.

Kwa hiyo Busara nenda, siku zote, kaa mpaka taa zizimwe Ngome Kongwe. Na kama mwalimu wako ana nafasi muulizie na nafasi za watoto likizo ya Juni, kwa ajili ya yule binti, gharama zake anza kumtega kaka mapema.

Jambo la mwisho, na hili ni la kifundi. Ikitokea mama, Desemba hii au hata miaka mitatu ijayo, akakwambia panda darini uteremshe lile boksi, usikimbilie kutia kanda kwenye redio. Zimekaa juu ya moshi wa jikoni miaka mingi utepe utakuwa umeshikana, ukibonyeza tu zitakatika na zitalika ndani ya mashine. Chukua kalamu ya biki, ingiza kwenye tundu, uzungushe taratibu kwa mkono mpaka mwisho, kisha urudishe mpaka mwanzo, kanda moja moja. Ni kazi ya jioni nzima. Mama akitaka kukusaidia kuzungusha mpe biki.